Breki za GX100: ufungue mwenyewe uani, uite fundi, au upeleke gereji?

Ng'ombe wa Magu hawamsubiri mtu. Mwezi wa tatu nilikuwa narudi Mwanza jioni, lami imelowa, na kabla sijafika Kisesa kundi zima likaamua kuvuka. Nikakanyaga breki. Gari lilisimama, ila usukani ulinivuta kushoto kama kuna mtu kaushika. Nilipofika nyumbani Buhongwa nikazunguka mbele nikigusa rimu kwa mgongo wa mkono. Ya kushoto ilikuwa ya moto, kidole hakikai. Ya kulia ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani.

Gari lenyewe ni Toyota Mark II GX100 ya 1998, silinda sita. Wamarekani wana Mustang na Camaro zao, sisi ukisikia kijana anajisifu ana mashine ya zamani yenye nguvu, mara nyingi anazungumzia hii au ndugu yake Chaser. Pedi za mbele zilikuwa na miezi saba tu. Nilipofungua tairi la kulia, pedi ya ndani ilikuwa imeisha karibu na chuma, na ya nje karibu mpya.

Ukiona hivyo, anza kuishuku kalipa, ile koleo inayobana pedi, kwamba haitembei. Kalipa ya gari hili ina pistoni moja, upande wa ndani. Pistoni ikisukuma pedi ya ndani, kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje ije ibane diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, upande wa pili. Pini zikikauka, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake na ya nje inabaki mtazamaji, breki ya upande huo inalegea na gari linavutwa upande wa pili. Gereji iliyonibadilishia pedi, ambayo sitaitaja, ilitoa pedi za zamani ikapachika mpya basi. Pini hazikuguswa.

Kwa hiyo katika kulinganisha huku kipimo changu ni kimoja: njia ipi itanihakikishia kwamba pini zote nne za mbele zimetoka nje, zimesafishwa na zimepakwa grisi inayofaa? Bei ya pedi tunaibishania sana pale dukani, na ni haki yetu, lakini pedi ya bei yoyote ikifungwa kwenye pini zilizokauka itaishia kama zangu.

Uani, gereji, au fundi wa kuja nyumbani

Tuanze na gereji. Faida zake ni za kweli. Fundi ana jeki ya maana, ana bomba refu la kulazimishia bolti iliyogoma, ana kijana wa kukanyaga pedali, na pedi za mbele anamaliza kabla hujamaliza soda yako. Ubaya ni namna tunavyomlipa. Fundi analipwa kwa kazi, si kwa saa. Umemwambia "nibadilishie pedi", mmekubaliana elfu kumi na tano, na kutoa pini nne, kuzisugua na kuzipaka ni nusu saa ambayo hakuna aliyemlipa. Hata ningekuwa mimi ningeziruka.

Kingine cha gereji kisichonipendeza ni compressor. Tairi likitoka tu, upepo unapigwa kwenye kalipa na wingu jeusi linawapanda wote usoni. Pedi nyingi za miaka ya nyuma zilitengenezwa kwa asbesto, na kwa macho huwezi kujua iliyomo kwenye gari lako ni ipi. Vumbi la asbesto linaua mapafu taratibu. Maji ya sabuni na brashi, au kopo la dawa ya kusafishia breki, vinafanya kazi ileile bila wingu.

Uani unahitaji vifaa kwanza. Kwenye gari langu nati za tairi ni spana 21, bolti za pini ni 14, fremu ya kalipa 17, nipeli ya kutolea upepo 10. Ongeza jeki, stendi mbili, brashi ya waya, msasa, na kopo dogo la grisi ya silikoni iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya breki. Grisi ya bearing usiisogeze hapo. Ina mafuta ya petroli ndani, nayo yanavimbisha mpira wa kalipa, na mpira ukivimba pini inabana kuliko ilivyokuwa kavu. Ukijumlisha hesabu hiyo, mara ya kwanza uani ni ghali kuliko gereji. Mara ya tatu ndipo unaanza kupata nafuu.

Halafu kuna ardhi. Jiji letu limejengwa juu ya mawe. Kama unaishi Isamilo, au Mabatini kule juu, na sehemu pekee ya kuegesha ni mteremko, acha. Jeki kwenye mteremko haina urafiki. Mimi uwanja wangu ni tambarare, nimeumwagia zege mita tatu kwa tano, na bado natia jiwe mbele na nyuma ya tairi lililobaki chini. Mawe hatuna uhaba nayo, ila kazi yake ni kuzuia tairi lisibingirike. Jiwe halibebi gari, na tofali ndiyo kabisa: linapasuka bila kutoa taarifa.

Mara yangu ya kwanza nilianza saa tatu asubuhi, nikamaliza adhana ya magharibi inaita. Bolti moja ya pini ilinila saa mbili peke yake. Kilichoniokoa ni kufungua upande mmoja kwa wakati: ukisahau kibati kipi kinakaa wapi, unazunguka kutazama upande ambao haujaguswa. Kingine ni kutoiachia kalipa ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, maana mpira ule unachanika kwa ndani na nje huoni kitu. Mimi naifunga kwenye springi kwa kipande cha kamba ya nyavu. Kamba za dagaa haziishi kwenye nyumba za Mwanza.

Njia ya tatu watu wengi hawaihesabu: kumwita fundi nyumbani siku ya Jumapili, vifaa vyake, grisi yako, wewe umekaa kwenye ndoo pembeni. Unalipa zaidi kidogo pamoja na nauli ya bodaboda, ila unaona kila kitu. Mazungumzo yetu yalikuwa hivi:

"Fundi, naomba pini zote nne zitoke nje."

"Bosi, mbona hizi zinacheza vizuri tu, ona."

"Naziona kaka, ila naomba unitolee. Muda wako nitaulipa."

Ya kwanza ilitoka kwa mkono. Ya pili, ya chini upande wa kulia, aliizungusha na spana huku akivuta, ikatoka na mlio kama kizibo. Ilikuwa ya kahawia toka mwanzo hadi mwisho, na kwenye ncha kulikuwa na uji mgumu uliokuwa grisi miaka mingi iliyopita. Fundi akaitazama, akanitazama, akacheka. "Hii ilishakuwa msumari, bosi."

Kwa mtu ambaye hajawahi kushika spana, hiyo ya tatu ndiyo ningemshauri aanze nayo, kisha afanye mwenyewe awamu inayofuata. Gereji ningeiachia kazi ambazo uani si mahali pake: pistoni iliyogoma kurudi, mpira wa vumbi wa pistoni uliochanika, mafuta yanayovuja, bomba la chuma lililoliwa na kutu, au taa ya ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge) inayowaka. Hapo usijifunzie.

Pedi: za mtumba, za boksi la bei ya chini, za kati, au jenuini

Za mtumba kutoka Japani zina wapenzi wao. Hoja yao ni kwamba pedi ya Mjapani iliyotumika nusu ni bora kuliko mpya isiyojulikana. Mimi siinunui hoja hiyo. Pedi ni unga uliobanwa na kugundishwa kwenye bati. Hujui ilipata joto kiasi gani huko ilikotoka, na gundi iliyochoka haionekani kwa macho. Kioo cha taa nitanunua cha mtumba, mlango pia. Pedi hapana.

Boksi la bei ya chini kabisa nimewahi kulitumia. Zilipiga kelele kila taa nyekundu hadi watu wa daladala wakawa wananigeukia, na baada ya muda diski zikapata mifereji ambayo ukucha unanasa. Nilichookoa kwenye pedi nikakitoa mara mbili kwenye diski. Si kila pedi ya bei ya chini iko hivyo, lakini kuna mahali pa kutazama kabla hujalipa: ubavuni au mgongoni mwa pedi kuna maandishi, na mwisho wake mara nyingi ni herufi mbili, kama EE, FF au GG. Ya kwanza inaeleza mshiko pedi ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni mshiko wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari zito la mtaani natafuta FF. FE maana yake ikipata moto inalegea, na kwenye miteremko yetu breki hupata moto. Pedi isiyo na maandishi yoyote mgongoni irudishe kwenye boksi na umshukuru muuzaji.

Za kati, za viwanda vyenye majina kama Akebono, Advics au Nisshinbo, ndizo ninazofunga sasa. Shida yake si ubora, ni kwamba jina zuri ndilo linaloigwa. Boksi linaweza kuwa safi na kilichomo ndani ni kingine. Natazama kama namba ya boksi inafanana na iliyopigwa kwenye bati, kama rangi imepakwa sawasawa, kama kibati cha kupiga kelele pedi inapoisha kipo mahali pake. Jenuini yenyewe ya Toyota ni nzuri, haina ubishi, ila kwa gari la umri huu naona ile tofauti ya bei bora iende kwenye diski.

Kuhusu seramiki na zile zenye chuma ndani nitasema kifupi. Seramiki ni kimya na haichafui rimu. Zenye chuma zinavumilia joto zaidi lakini zina kelele na zinakula diski haraka. Anayezunguka mjini na familia achukue seramiki. Anayebeba magunia ya mchele kutoka Sengerema kila wiki achukue za chuma.

Na pedi mpya zisizofundishwa hazishiki vizuri, hata ziwe za bei gani. Mimi natoka alfajiri barabara ya Usagara kabla malori hayajaamka, napandisha hadi kama 60, nakanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka 15 hivi, nainua mguu bila kusimama kabisa, narudia mara nane hadi kumi, kisha naendesha taratibu zipoe. Ukisimama na kuendelea kukanyaga zikiwa za moto, unaacha alama ya pedi kwenye diski na utaisikia kwenye pedali kila siku.

Diski: uiache, uichonge, au ununue mpya

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, pande zote mbili. Wapo wanaobadilisha diski nzima kwa sababu ina kutu nyekundu asubuhi, na wapo wanaochonga diski iliyoisha.

Ile kutu ya asubuhi isikutishe. Ukiegesha karibu na ziwa, Luchelele au Igombe huko, au mvua ikinyesha usiku, diski itaamka nyekundu. Victoria ni maji baridi, hayana chumvi, kwa hiyo hatuna ule ulaji wa chuma wanaoulalamikia ndugu zetu wa Tanga. Breki mbili tatu za kwanza zinaifuta.

Kinachoamua ni unene. Diski nyingi zimepigwa chapa ya unene wa mwisho, ubavuni au kwenye kofia yake ya katikati, kwa milimita. Pima penye uso wa kazi, si ukingoni. Ukingo hauguswi na pedi, kwa hiyo unabaki mnene na kutengeneza kidaraja, na vernia ya kawaida, kile kipimo cha unene, inakaa juu ya kidaraja hicho na kukudanganya kwamba diski bado nzima. Ujanja wangu ni sarafu mbili za shilingi 200. Naweka moja kila upande wa diski, ndani ya kidaraja, napima vyote pamoja, kisha natoa unene wa sarafu. Majirani wanadhani naroga.

Kama diski iko juu ya unene wa mwisho, uso ni laini na pedali haitetemeki, iache. Isugue kidogo na msasa, ioshe, funga pedi. Kama pedali inatetemeka, usikimbilie kuichonga. Toa diski kwanza utazame habu, kitovu cha tairi kilicho nyuma yake. Kipele cha kutu kati ya habu na diski kinaiegemeza upande, na diski nzima inaonekana imepinda. Kiasi kinachoruhusiwa mara nyingi ni sehemu tano tu za mia za milimita moja, unene wa unywele. Nilisugua habu kwa brashi ya waya robo saa na mtetemo wangu ukaisha. Diski ikigoma kutoka, Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa diski: ingiza bolti mbili za milimita 8, kaza kwa zamu, diski inajisukuma yenyewe. Waliokuwa wakipiga nyundo miaka yote hiyo mnisamehe.

Kuchonga kuna faida kama diski ni nene na ina mifereji, na kama mwenye mashine anaichonga pande zote mbili kwa kuifunga mara moja. Akiigeuza katikati ya kazi, pande mbili zinaweza zisilingane na unarudi na mtetemo mpya ulioulipia. Mwulize kabla. Na diski iliyochongwa ni nyembamba, inapata moto haraka. Kwa hiyo kama baada ya kuchonga itabaki nusu milimita tu juu ya ile chapa, hiyo pesa weka kwenye diski mpya. Mpya zinunuliwe jozi, kushoto na kulia, na zioshwe mafuta ya kiwandani kabla ya kufungwa. Diski za mtumba, tofauti na pedi, sina ugomvi nazo, maana unazipima palepale dukani kwa sarafu zako.

Wenye Surf, Prado za zamani na Mustang

Yote niliyosema ya pini hayawahusu wenye kalipa isiyotembea kwa muundo wake. Hilux Surf na Prado za miaka ya tisini mbele zina kalipa iliyofungwa imara yenye pistoni nne, mbili kila upande. Ni muundo uleule wa kalipa za kampuni ya Kelsey-Hayes walizokuwa wanaongezewa wanunuzi wa Mustang za 1965 hadi 1967 waliolipia diski, kabla ya 1968 kuja na kalipa ya kuteleza yenye pistoni moja.

Kwa kazi ya uani, hii ni rahisi zaidi. Unatoa tairi, unachomoa pini mbili nyembamba zinazoshikilia pedi, unavuta pedi kwa nyuma, na kalipa haijaguswa. Lakini ugonjwa wake ni mgumu zaidi: pistoni moja kati ya nne inagoma na huijui ni ipi mpaka uzisukume moja moja. Gari linalokaa sana bila kutembea ndilo linaloumwa hivyo. Corvette, nazo za Marekani, za kuanzia 1965 zilipata sifa mbaya kwa kutu ndani ya kalipa hadi watu wakaanza kuzivika kuta za chuma kisichoshika kutu. Uchague ipi? Kama bado hujanunua gari na unajua litakaa wiki tatu chini ya mwembe, bora kalipa ya pini. Pini unaiponya kwa grisi, pistoni ni kazi ya benchi.

Mafuta na upepo

Ukibadilisha pedi bila kufungua nipeli wala bomba, hakuna upepo ulioingia na huna haja ya kutoa chochote. Ila unaporudisha pistoni ndani, mafuta yanapanda kwenye kopo la juu. Chungulia yasimwagike, yanakula rangi ya gari.

Kati ya DOT 3 na DOT 4, madaraja ya mafuta ya breki, kopo langu limeandikwa DOT 3 na mimi naweka DOT 4. Zinachanganyika bila shida, ya kwanza ikiwa mpya inachemka kwa nyuzi 205, ya pili 230. Zikishanyonya unyevu hushuka hadi 140 na 155, ndiyo maana nabadilisha kila miaka miwili. DOT 5 ya silikoni haichanganyiki na hizo. Dukani usiichukue kimakosa kwa sababu namba yake ni kubwa.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili, na mpwa wangu ndiye mguu wangu. Tunaanza tairi la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda, pampu kuu ya breki.

"Mjomba, nikanyage?"

"Kanyaga, shikilia." Nafungua nipeli, mapovu yanatoka kwenye mpira ulioingia ndani ya chupa. Nafunga. "Achia."

Asiachie kabla sijafunga, la sivyo upepo unarudi ndani na tunaanza upya. Siku ya kwanza aliachia mara tatu. Alikuwa anaangalia simu.

Kosa kubwa kuliko lake nililifanya mimi. Baada ya kurudisha pistoni, pedali haina kitu mpaka uikanyage mara kadhaa pistoni zije ziguse pedi. Nilishusha gari, nikafurahi, nikawasha, nikarudisha nyuma. Pedali ilienda hadi sakafuni na gari likaenda hadi kwenye banda la kuku. Kuku hawakuumia, banda lilihitaji mabati mawili. Tangu siku hiyo nikimaliza kazi ya breki funguo anashika mke wangu, na hanipi mpaka aingie akanyage mwenyewe.